Walichohifadhi Ni Dirisha

Mwendesha mashtaka alivaa miwani, akavuta kiti karibu na kompyuta, akasema, "Haya, nionyesheni huyo malaika wenu."

Koplo alichomeka flashi kwa madaha yote, kama mtu anayekabidhi kombe. Inspekta alisimama nyuma yao, mikono kifuani. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti na mgumu wa maswali, na safari hii alikuwa na hakika na alichokuja nacho, jambo ambalo katika kazi yake halimtokei mtu mara nyingi. Video ile aliitazama jana mwanzo hadi mwisho, akairudia, kisha akamwambia koplo aihifadhi. Koplo akaihifadhi. Wakaijaribu palepale, ikacheza vizuri tu.

Ukurasa ukafunguka. Kichwa cha habari kilikuwepo. Picha ya ghala ilikuwepo. Maoni ya wasomaji, matusi na yote, yalikuwepo. Katikati, pale palipokuwa na video, palikuwa na mraba mweusi wenye maandishi meupe: Video hii haipo tena.

"Bonyeza tena," Inspekta alisema.

Koplo akabonyeza. Akabonyeza pembeni, akabonyeza chini, akatoa flashi, akaipuliza, akairudisha. "Labda mtandao wa hapa unasuasua," alisema.

"Mtandao unahusika nini?" mwendesha mashtaka akauliza. "Si mmesema mnayo kwenye flashi?"

Inspekta alimgeukia koplo. Swali lilikuwa jepesi, la mtoto wa shule.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mtunza ghala wa kampuni moja ya samani, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu, alianguka kutoka ghorofa ya juu ya ghala, ile wanayopangia makochi, akafia pale chini. Aliyekuwa naye juu ni mpakiaji mmoja ambaye wenzake walimbandika jina la Kimya, kwa sababu ukimsalimia asubuhi jibu lake unalipata mchana. Siku chache kabla, wawili hao walikuwa wamegombana mbele ya watu kuhusu zamu za ziada. Kisha kikazagaa kipande cha video kwenye simu za watu: Kimya anamkimbilia mzee, mikono mbele, mzee anadondoka. Kifupi mno, ukipiga chafya umekikosa. Lakini kilitosha. Mji mzima ulishahukumu, na ulikuwa unasubiri tu kujua atafungwa miaka mingapi.

Inspekta alikwazwa na kofia. Kofia ya marehemu ilikutwa kulekule juu, kwenye mkono wa kochi, na ndani ya kofia ilikuwemo miwani yake imekunjwa vizuri. Mtu anayevamiwa havui miwani akaikunja. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kabla ya kile kipande, na mtu fulani alikikata. Aliitafuta video nzima siku nzima, hadi akaikuta kwenye gazeti moja la mtandaoni, chini ya habari ambayo watu waliisoma kichwa tu wakarukia kutukana. Ndani yake mzee anavua kofia, anavua miwani, anaketi na kushika kifua. Anainuka. Anayumba kuelekea ukingoni, mahali ambapo reli iling'olewa ili kushushia mizigo. Kimya anatokea kwa nyuma amebeba kiti, anakibwaga, anakimbia, anamdaka shati. Shati linamponyoka.

"Kofia na miwani ni umbea wa nguo," mwendesha mashtaka alisema baada ya kusikiliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafaili mengi na mgongo unaomuuma. "Daktari anasema moyo wa mzee haukuwa mzima, lakini moyo mbovu hausemi nani alisukuma. Mimi ninacho kipande. Kipande kina mikono. Ugomvi una mashahidi. Gari la mahabusu linaondoka saa tisa, na nikishasaini ni shtaka la mauaji, halina dhamana. Leteni video, nami nitafunga hili faili kwa furaha."

"Mimi mwenyewe nimeiona," Inspekta alisema.

"Najua umeiona. Mimi nami nimeona mengi." Akamrudishia koplo flashi yake.

*

Chumba cha mtaalamu wa kompyuta kilikuwa chini ya ngazi, kimejaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Mtaalamu mwenyewe kituo kizima kilimwita Waya, na mwembamba alikuwa kweli. Alisikiliza, akaangalia flashi, akauliza swali moja.

"Mlibonyeza nini?"

"Hifadhi ukurasa," koplo alijibu kwa fahari kidogo.

Waya alivuta pumzi. "Mmehifadhi ukurasa."

"Ndiyo."

"Ukurasa hauna video, kaka. Una dirisha. Gazeti lile halikuweka video kwake, lilipachika tu. Video yenyewe inakaa kwa watu wengine kabisa, wenye mashine zao nchi za mbali, na ule ukurasa unachungulia kwao. Wewe umepiga picha dirisha la jirani, umekwenda nalo nyumbani, unategemea kuona televisheni yake."

"Lakini jana ilicheza," Inspekta alisema. "Niliiona ikicheza kutoka kwenye flashi."

"Mlikuwa mmeunganishwa na mtandao?"

Koplo aliitikia kwa kichwa. Walikuwa wameunganishwa.

"Basi dirisha lilichungulia kulekule. Leo kule wameifuta, dirisha linachungulia giza." Waya hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomuuma Inspekta zaidi. Angekejeli angalau mtu angekasirika, akapata cha kufanya.

"Ilitakiwa tufanyeje?"

"Unafungua ukurasa kwa ndani, unaiacha video icheze, unatazama kinachopita. Video siku hizi haiji nzima, inakuja vipandevipande, na kuna orodha inayosema kipi kifuate kipi. Unachukua kiungo cha ile orodha, unaipa programu, inakwenda kuvikusanya vyote na kuviunga. Ukimaliza unapima alama yake, ile namba ndefu, ili kesho mtu asisimame mahakamani akasema umeichezea. Kazi ya kunywa chai, na kikombe kiwe kidogo."

Koplo alijikuna shingo. Alikuwa baba mwenye mwili na roho nzuri, na ukitaka kujua kama ana jambo moyoni, tazama shingo. "Kusema kweli, afande, mimi nilijaribu na kupakua pia. Kabla ya kuhifadhi."

"Kwa kutumia nini?"

"Kuna tovuti ya bure. Unabandika kiungo, unabonyeza kitufe cha kijani."

"Kijani kipi?" Waya akauliza. "Vipo vingi."

"Vyote," koplo alisema.

Waliichukua kompyuta ya koplo kutoka ghorofa ya juu wakaileta chini ya ngazi. Waya alieleza kwamba kompyuta ikicheza video huwa inabakiza vile vipande mahali pake pa akiba, na mtu akiwahi anaweza kuviokota. Inspekta alisogea hadi akasikia joto la mashine. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa na kitu cha kusubiri. Waya alichambua, akaguna, akachambua. Kiungo alikipata, akakiita, kikajibu kwamba hakuna kitu hapo. Kisha akapata vipande.

"Viko vingi?"

"Vichache. Vile vitufe vya kijani vimemwaga takataka humu hadi akiba ikajaa, na akiba ikijaa inatupa vya zamani. Vya mwanzo ndivyo vya zamani, na vya mwishoni vimeharibika."

Akaviunga alivyovipata, akacheza. Kimya anamkimbilia mzee. Mikono mbele. Mzee anadondoka. Ni kilekile ambacho mji mzima ulikuwa nacho.

"Na hii nyingine ni nini?" Inspekta alionyesha faili lililokuwa chini yake, kubwa, zima.

Waya alilifungua. Mwanamke anatabasamu juu ya kitanda, anajirusha, anadunda. "Tangazo la magodoro," alisema. "Hili tunalo lote, safi kabisa, na sauti yake."

Koplo alianza kucheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha.

*

Nani aliifuta? Hilo ndilo lililobaki, na Inspekta alilishikilia kama mtu anavyoshikilia mwavuli uliokwisha geuzwa na upepo. Aliyefuta huenda ana nakala. Njiani hadi ofisi ya gazeti alimweka tajiri wa ghala mbele ya mawazo yake yote: video ilionyesha reli iliyong'olewa, na reli iliyong'olewa ingemgharimu. Sababu anayo, pesa anayo, na mawakili anao.

"Hajanipigia," mhariri alisema. Gazeti lote lilikuwa yeye, meza mbili na feni moja, juu ya duka la rangi. "Ningekuwa nimepigiwa na tajiri ningekuwa nimeshaandika habari nyingine. Mimi nilipachika tu. Mwenye video ni fundi wa matairi, jirani wa ghala, kamera ni ya kwake, inaelekea ule upande wa ghorofa ya juu ulio wazi. Yeye ndiye aliyeipakia kule."

Akampigia fundi matairi, akaweka sauti ya juu. Fundi alisema kwa uchungu kwamba wamemfutia bila kumuuliza. Kamera yake? Inarekodi juu ya rekodi, ya wiki iliyopita imekwisha liwa. Simu? Ilijaa, na kwa kuwa video ilikuwa mtandaoni aliona haina haja ya kuwa nayo mara mbili. "Mtandaoni si ndiko kuliko salama?" akauliza, na kwa kweli alikuwa anauliza. Inspekta alimshukuru.

"Wenye mashine zao tunaweza kuwaandikia," koplo alisema.

"Tutawaandikia. Watajibu mwakani." Inspekta alimgeukia mhariri. "Video haifutwi hivihivi. Mtu amelalamika."

"Watu wamelalamika," mhariri alisahihisha. "Wale kule wakilalamikiwa na mtu mmoja wanapuuza. Wakilalamikiwa na umati, mashine inafuta yenyewe kwanza, binadamu atafikiri baadaye. Na mimi pia wamenijazia sanduku. Ona."

Akageuza kioo. Ujumbe ulishuka na kushuka. Ondoeni hiyo video, huyo ni mjomba wangu. Mnamdhalilisha shemeji yetu. Nyie hamna ndugu? Bibi aliyemlea hali wala halali kwa ajili ya hiyo video yenu. Huyo ni kaka yangu, toa haraka. Ana watoto wadogo, wakikua wataona nini?

"Familia ya marehemu," koplo alisema kwa upole. "Afande, hawa tuwaache. Nani anataka kuona mzee wake akianguka kila akifungua simu?"

Inspekta alisoma. Akarudi juu, akasoma tena, taratibu, kidole kwenye kioo.

"Nionyeshe aliyesema marehemu," alisema.

"Vipi?"

"Katika wote hawa. Nionyeshe mmoja aliyesema marehemu. Nionyeshe aliyeomba apumzike kwa amani, au aliyesema mwacheni mzee wetu alale. Hakuna. Watu hawamlilii maiti wao bila kumwita marehemu, hata wakiwa na hasira. Tena bibi aliyemlea hali wala halali. Mzee wa kukaribia kustaafu ana bibi gani aliye hai? Ana watoto wadogo. Marehemu watoto wake wana ndevu, umewahoji mwenyewe."

Koplo alikuna shingo. Akaacha kukuna. "Wanamsema aliye hai."

"Wanamsema Kimya," Inspekta alisema. Mhariri alitaka kujua kama anaweza kuliandika hilo. Walishashuka ngazi.

*

Mama yake Kimya alikuwa kwenye benchi la ukumbini kituoni, palepale alipokaa tangu mwanawe akamatwe, hotpoti magotini. Kitu kimoja kilikuwa kimebadilika. Alikuwa amejitanda khanga safi, na alipomwona Inspekta alitabasamu, akasogea, akapigapiga benchi.

"Kaa, mwanangu, kaa nikupe habari njema. Ile video imetoka."

Inspekta aliketi. "Nimesikia, mama."

"Imetoka kabisa. Wameandika wenyewe, haipo tena." Aliinamisha sauti, ingawa ukumbini hapakuwa na mtu ila koplo. "Tuliwaandikia ukoo mzima. Mjomba wake aliye ughaibuni kaandika, dada zake wameandika, asiyejua kuandika kaandikiwa. Kuna mpwa wangu anayajua mambo haya, ndiye aliyetuelekeza pa kubonyeza. Tumebonyeza mpaka vidole vikauma. Maana yale maneno waliyokuwa wanamwandikia mwanangu pale chini, wewe uliyasoma?"

"Niliyasoma."

"Muuaji. Mnyama. Mtoto niliyemzaa mimi." Alifuta kifuniko cha hotpoti kwa ncha ya khanga, ingawa kilikuwa safi.

"Mama, kile kipande kifupi bado kipo. Kwa nini mkaanza na ile ndefu?"

"Kile hakikamatiki, kiko kila simu. Ile ndefu ilikuwa mahali pamoja. Tena ndiyo mbaya zaidi."

"Nani alikwambia ndiyo mbaya zaidi?"

Mama alimtazama kama anayetazama mtu mzima asiyejua jambo la wazi. "Si ndefu? Kama fupi inaonyesha vile, ndefu itaonyesha nini?"

Koplo aliinuka akaenda kusimama dirishani. Inspekta alijilazimisha kuuliza lililokuwa limebaki kuulizwa. "Kuna mtu katika ukoo aliyebaki nayo? Hata kwenye simu. Hata aliirekodi juujuu."

"Alikuwepo mmoja, binamu yake. Nilimwendea nyumbani kwake. Nikamwambia ifute nakuona. Kaifuta, kaitoa na kule inakobaki baada ya kufutwa, na simu nikaishika mwenyewe." Alisema kwa fahari, akisubiri kusifiwa. Kisha akaona uso wa Inspekta, na fahari ikaanza kumtoka taratibu. "Kwani vipi?"

Inspekta alimweleza. Hakuona njia nyingine, na hata kama ingekuwepo, saa tisa ilikuwa inakaribia. Alimweleza kofia, miwani, kifua, ukingo usio na reli. Alimweleza kiti kilichobwagwa. Alimweleza mkono wa mwanawe ulivyomdaka mzee shati, na jinsi mwenyewe alivyopiga magoti akaunyoosha mkono chini, kana kwamba bado angemfikia.

Mama alisikiliza bila kupepesa. Alishika hotpoti kwa mikono miwili.

"Alimdaka," alisema.

"Alimdaka."

"Wewe umeiona kwa macho yako."

"Mara mbili."

"Basi utasema. Wewe ni serikali. Ukisimama ukasema nimeona, nani atabisha?"

"Nitasema, mama. Nitasema kila watakaponiruhusu. Wataniuliza iko wapi." Inspekta aliona aibu ya sentensi yake mwenyewe, lakini hakuwa na nyingine. Angeweza kusema kwamba na yeye alikuwa nayo mkononi mchana mzima wa jana, kwamba kazi ilikuwa ya kikombe kimoja cha chai. Alisema. "Na sisi tulikosea. Tulidhani tumeihifadhi."

Mama hakumsikia. "Msimwambie ni mimi," alisema haraka. "Nakuomba, mwanangu. Mwambieni imepotea tu. Mambo ya mtandao si hupotea?"

Mlango wa mahabusu ulifunguliwa. Askari wawili walimtoa Kimya, pingu mkononi, kandambili miguuni. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshasaini, karatasi ilikuwa mkononi mwa askari wa mbele. Kimya aliwaona wote watatu ukumbini na uso wake ukachangamka kidogo. Jana jioni Inspekta alikuwa amemwambia kupitia kwenye vyuma kwamba video imepatikana, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka.

"Afande," alisema. "Wameitazama?"

Inspekta alifungua kinywa. Alikuwa na sentensi tayari, ile aliyoombwa, imepotea tu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa radhi kabisa kudanganya.

"Ni mimi, baba," mama alisema. Alikuwa amesimama. "Imefutwa. Tuliifuta sisi. Mimi na ndugu zako. Hatukujua."

Askari wa nyuma alimgusa Kimya bega, kwamba watembee. Kimya hakutembea. Alimtazama mama yake kwa muda wake ule wa kawaida, ule wa mtu ambaye jibu lake linakuja mchana, na askari, bila kujua kwa nini, alitoa mkono begani.

"Uliitazama, mama?"

"Hapana."

Alisubiri kama kuna neno zaidi. Halikuja.

"Sawa," Kimya alisema.

Akainama asigonge kichwa, akaingia kwenye gari, akakaa upande wa ndani usio na dirisha. Askari wakafunga mlango. Gari lilipotoka getini mama yake alikuwa bado anamweleza koplo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, kwamba hakutaka tu watu wamtukane mwanawe.